Aonje Kwanza

Achille alikuwa hawezi kuliza mtu. Kuchekesha aliweza, hata siku ambazo hakutaka. Akisimama tu mbele ya watu, wanaanza kujiweka sawa kama wanaosubiri chakula: wanasogea, wanafuta midomo, wanatazamana. Siku ya kilio cha baba yake mzazi alisimama mbele ya watu wa Mulongwe na uso umevimba kwa machozi, akasema, "Baba yangu alikuwa mtu wa watu." Kabla hajafika kwenye sentensi ya pili, mama mmoja huko nyuma akatoa kicheko kupitia puani. Ikawa imeisha. Kicheko kilipita benchi kwa benchi mpaka kikamfikia mjane mwenyewe, yaani mama yake Achille, akajifunika kitenge usoni na mabega yakawa yanatikisika. Waliokaa mbali walidhani analia.

Achille hakuisahau siku ile. Kazi yake ilikuwa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, na siku za Jumapili, baada ya misa, kundi lake la michezo lilicheza katika sale ya parokia, ule ukumbi wa mikutano. Michezo yote aliitunga yeye, na yote ilikuwa ya kuchekesha: mume anayejificha chini ya kitanda, mgonjwa anayeogopa sindano, mbuzi anayekula hati ya kiwanja. Watu walimpenda. Walimpenda kama wanavyompenda mbuzi yule.

"Mara moja tu," alimwambia mke wake, Louise. "Mara moja nione watu wa Mulongwe wanalia juu ya kitu nilichokisema mimi. Nikishaona, basi. Nitarudia mbuzi mpaka nife."

Louise alikuwa anachuja kasiksi. Milango ya chuma haikuwa inatafutwa kila siku, lakini pombe ya ndizi inatafutwa hata siku ya mvua, kwa hiyo kwa kweli nyumba ile ilisimama juu ya bidoni za Louise, yale madumu ya pombe.

"Baba Chérie," alisema, "kulia watu wanalia bule. Weye unataka kuwatungia kazi yenye wanajua tayari."

Lakini Achille alikuwa ameshapata njia yake, na hakuipata kwenye shule, maana shule aliiacha mapema, ikamwacha na yeye. Aliipata kazini. Chuma kikitoka motoni kikiwa chekundu, hakuna anayekigusa, na anayekitazama hana wasiwasi. Hatari ni kile kilichokwisha kuwa cheusi. Kinalala pale chini kama chuma chochote, kumbe bado kinaunguza. Mteja anaingia, anainama akishike, na wewe mwenye kujua, moyo unakuruka kabla mkono wake haujafika. Yeye anacheka, anaongea habari za bei ya ndagala, yaani dagaa. Wewe ndiye unayeungua.

"Unaona?" alimwambia Louise. "Watu wajue sumu iko kwenye kibuyu. Mwenye kunywa asijue. Halafu minye namchelewesha. Anainua kibuyu, anakiweka. Anainua tena, anakumbuka neno, anakiweka. Mpaka watu waume meno."

"Na wakijua mapema atakunywa, watashangaa nini?"

"Hawatashangaa. Muntu akishangaa, iko dakika moja. Akiogopa, iko nusu saa nzima."

Louise aliinua chujio akamtazama. Hata yeye aliona hapo kuna kitu.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Ndugu wawili, baba mmoja, mama mbalimbali. Baba amekufa, shamba zuri la mpunga kando ya mto Ruzizi amemwachia mkubwa. Mdogo hakuridhika. Anamwalika mkubwa kwa maneno ya amani, anamtilia sumu kwenye kibuyu cha kasiksi. Mkubwa anakunywa, anakufa. Mama wa mdogo anaimba wimbo wa kilio, pazia linafungwa, watu wanalia, Achille anatoka mbele na hakuna anayecheka.

Mkubwa alichezwa na Étienne, fundi cherehani, mwimbaji wa kwaya, mtu mrefu mwenye sauti na anayejua kwamba ana sauti. Mdogo alichezwa na Thierry, motari, ambaye kutwa nzima alibeba watu kwa pikipiki kati ya soko na bandari ya Kalundu na alikuwa na tabia moja nzuri katika michezo: ukimwambia kitu anakifanya, hata kama nyumba inaungua. Mama alichezwa na Louise, kwa sababu hakuna mwanamke mwingine aliyetaka kuimba wimbo wa kilio wakati hakuna maiti.

Étienne alijifunzia kufa nyumbani kwake. Alikufa mbele ya kioo, akafa mbele ya cherehani, akafa mbele ya mama yake mpaka mama akamwaga uji. Kifo chake kilianza na mkono kooni, kikapita magoti, kikazunguka jukwaa zima, kikasimama kidogo kwa ajili ya maneno mawili matatu, ndipo kikalala.

"Fupisha," Achille alimwambia.

"Kufa hakufupishwi," alijibu Étienne.

Jumapili ya kwanza sale ilijaa. Mbele kabisa, kwenye kiti chake mwenyewe alichokibeba kutoka nyumbani, alikaa Mama Apollinarie, mjane mwenye umri wa bibi, muuza ndagala, ambaye hakuna kilio kilichoanza Mulongwe kabla yeye hajafika. Nyuma yake kidogo alikaa mzee Gakunzi, mfugaji wa Rurambo, aliyekuwa ameteremka na maziwa yake ya kuuza na ambaye kila akiteremka hakupanda tena mlima kabla ya kuona mchezo. Fimbo katikati ya magoti, kofia juu ya fimbo, kibuyu cha maziwa pembeni.

Thierry alitoka peke yake. Alifungua kikaratasi, akawaonyesha watu unga mweusi, ambao ulikuwa makaa yaliyosagwa, akaumimina kwenye kibuyu na kukoroga na mrija. "Msimwambie," aliwanong'oneza. Sale ikanyamaza. Achille, nyuma ya pazia, alisikia mtu akimeza mate kwenye benchi la tatu, na nywele zikamsimama. Miaka yote ile ya mbuzi hakuwahi kusikia watu wake wakinyamaza.

Étienne akaingia. Wakasalimiana, wakaongea juu ya baba yao, juu ya shamba. Étienne akainua kibuyu. Watu wakavuta pumzi. Akakiweka ili aulize habari za mama. Watu wakashusha pumzi. Akakiinua tena, mlango ukagongwa, akakiweka. Msichana mmoja alikuwa ameuma ncha ya kitenge chake. Chuma kilikuwa chini pale, cheusi, na mteja anainama. Étienne akakiinua mara ya tatu, akapeleka mrija mdomoni.

"Aonje kwanza," alisema Mama Apollinarie.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemkumbusha mtoto kufunga mlango. Étienne alibaki na mrija mdomoni.

"Mwenye kuleta aonje kwanza," alisema tena.

"Mama," alisema Étienne kwa sauti ya chini, "tuko mu mchezo."

"Najua iko mchezo. Na mu mchezo unakunywa kitu yenye muntu hajaonja? Mama yako alikulea vile?"

Mama yake Étienne alikuwa amekaa pale pale, benchi la pili. Alitikisa kichwa kuwaambia watu kwamba hapana, hakumlea vile. Étienne akakiweka kibuyu chini taratibu.

Mzee Gakunzi alisimama akiegemea fimbo yake. "Sisi kule juu pombe hatunywi," alisema. "Lakini hata maziwa, mwenye kuleta anaonja mbele ya mgeni. Tangu babu. Huyu kijana aonje, tuendelee."

"Aonje," sale ikakubali.

Achille alikuwa ametunga mambo mengi, lakini hili lilimpita, na haikuwa kwa ujinga. Kila siku nyumbani kwake Louise alipima kasiksi, akapiga funda moja mbele ya mteja, ndipo akatoa. Achille aliliona jambo hilo kila siku ya Mungu, kama anavyoiona pua yake. Ndiyo sababu hakuliandika.

Thierry aligeukia pazia. Achille alimpungia mikono yote miwili: usionje, ukionja umekufa, mchezo utakwisha. Thierry akawageukia watu, akafikiri.

"Minye sina kiu," alisema.

Sale ilicheka mpaka padri akatoka nyumbani kwake kuja kuuliza kuna nini. Mzee Gakunzi alicheka na kukohoa na kupigwa mgongo. Mama Apollinarie peke yake hakucheka. Alipanda jukwaani, akachukua kibuyu, akaenda kukimwaga nje ya dirisha, akarudi akakaa. Ndugu mkubwa aliishi. Pazia likafungwa juu ya ndugu wawili wazima wenye afya.

"Nimejifunza kufa mwezi muzima," alisema Étienne nyuma ya pazia. "Mwezi muzima, Achille."

"Utakufa Jumapili ijayo."

"Uapie."

Achille aliapa.

Juma lile alirekebisha. Kama watu wanataka kuonja, wataonjewa. Kila mtu wa pwani ile ya ziwa amesikia habari za wale wanaoficha sumu kwenye ukucha wa kidole gumba: anaonja vizuri mbele yako, anafuta mdomo, halafu akikukabidhi kibuyu anachovya ukucha kidogo tu. Basi Thierry angetoka peke yake, angewaonyesha watu ukucha wake, angeupaka ule unga mweusi. Angeonja. Angechovya. Watu wangeona kila kitu na wasingekuwa na la kusema, maana sheria imetimizwa.

"Uzuri wake," alimweleza Louise, "ni kwamba ile sheria yao yenyewe ndiyo itawafunga mdomo."

"Mama Apollinarie hafungwe mdomo," alisema Louise.

Jumapili ya pili watu walikaa mpaka madirishani. Thierry alionyesha ukucha. Sale ikaguna kama gari linalopanda mlima. Étienne akaingia. Kibuyu kikaletwa, na kabla Mama Apollinarie hajafungua mdomo Thierry akasema, "Kaka, kwanza naonja," akapiga funda kubwa. Nyuma ya pazia Achille alifumba macho kwa furaha. Thierry akageuka, akachovya kidole gumba, watu wote wakakiona, na kukawa kimya kama kile cha kwanza, kizuri, kizito.

Katika kimya hicho kiti kililia. Mama Apollinarie alikuwa amesimama. Hakwenda jukwaani. Alielekea mlangoni, ambako parokia iliweka ndoo ya maji yenye robine, yaani koki, kwa ajili ya kuzuia kolera, kila anayeingia anawe. Aliinua ndoo ile na sabuni yake, akaja nayo mbele ya sale nzima akiyumba kwa uzito, vijana wawili wakamsaidia kuipandisha.

"Maji ya kunawa hayakupita," alimwambia Thierry. "Mutakunywaje na mikono ya inje?"

Thierry alinyosha mikono. Mama Apollinarie alimwosha kama mtoto wa siku arobaini: viganja, viwiko, na kidole gumba alikirudia, akakisugua na sabuni, akakisugua na ncha ya kitenge, akakipeleka kwenye mwanga akakitazama.

"Ipo ingine chini," alisema mtu.

Akakisugua tena. Kisha akakimwaga kibuyu, akamimina maji ya robine, akampa Étienne. "Kunywa sasa, mwanangu." Étienne alikunywa maji yale huku machozi yanamtoka, na hayo ndiyo machozi pekee yaliyoonekana Jumapili ile.

Watu walicheka mpaka Jumatatu. Walicheka wakipita mbele ya karakana ya Achille. Na Thierry naye aliipata yake: pale Kalundu, kabla ya kupanda pikipiki, abiria walimwambia aonyeshe kucha.

Achille alikaa juu ya mlango wa mtu, mlango ambao haujamalizika, na hakuchomelea kitu. Louise akamletea chakula, ugali na ndagala. Alimwona hali.

"Weye unafikiri awa watu wamekataa kulia," alimwambia. "Hapana. Waliogopa, niliwaona. Yenye wanakataa ni kukaa bule wakati muntu anakufa mbele yao. Ukiwaonyesha hatari, wanasimama wanasaidia. Ndiyo roho yao. Utawafunga kamba?"

Achille alichukua tonge, akaliweka. Akalichukua tena, akaliweka. Louise aliuona uso wake na akatamani asingesema.

"Basi wasaidie," alisema Achille.

"Nani?"

"Wao. Wasaidie sana. Nitawaachia wasaidie."

Alimweleza. Safari hii watu wataona mkono tu. Mkono unapita katikati ya pazia, unatia unga kwenye kibuyu, unarudi. Mkono wa nani? Watu wana Jumapili mbili za Thierry, watajijibu wenyewe. Halafu Thierry anaingia na kibuyu, mwema, hajui kitu, anampenda kaka yake kuliko roho yake. Na watu, kwa sababu ni watu wema na wana sheria, watamwambia aonje. Ataonja kwa furaha. Atakufa yeye, asiye na hatia, na waliomuua watakuwa wao. Ndipo pazia linafunguka, na nyuma yake amesimama mwenye mkono: mama yake mzazi, aliyetaka kumwondoa mtoto wa mke mwenzake ili mwanawe apate shamba.

Upepo wa ziwa ulikuwa unasukuma vumbi la chuma.

"Iyo ni mbaya," alisema Louise. "Iyo ni mbaya kweli."

"Ni nzuri?"

"Nimesema ni mbaya. Na mukono ni wangu?"

"Wa nani mwingine?"

"Baba Chérie, minye nauzisha watu kitu ya kukunywa."

"Wanajua iko mchezo," alisema Achille.

Étienne alipoambiwa kwamba anayekufa sasa ni Thierry, aliondoka bila kuaga, akaenda mpaka mwisho wa barabara, akarudi. "Na minye nafanya nini?" aliuliza.

"Unabaki mzima, unaona uchungu."

"Kila mtu anaweza kubaki mzima," alisema Étienne, lakini alikubali.

Thierry yeye alipewa neno moja tu: ukianguka, usiamke. Wakikuita, usiamke. Wakikutikisa, usiamke. Mpaka usikie mimi nakwambia amka.

Jumapili ya tatu mkono ulitoka katikati ya pazia. Ulikuwa umevaa bangili ya shaba. Ukatia unga, ukarudi. Sale nzima ikatoa mguno wa watu wanaomjua mtu wao. "Leo amejificha," alisema mmoja. "Anafikiri hatumujue," alisema mwingine. Thierry alipoingia na kibuyu mikononi, akitabasamu, walimpokea na mluzi. Alimwambia Étienne kwamba shamba si kitu, kwamba alilala bila usingizi kwa sababu ya ugomvi wao, kwamba mama amewatengenezea kasiksi ya amani. Kila neno tamu lilipotoka, watu walitikisa vichwa. "Mwongo uyo," alisema mzee Gakunzi, kwa huzuni kweli.

Achille alichelewesha. Alikuwa amemwandikia Thierry maneno mengi ya upendo, moja baada ya jingine, na kila moja liliwakasirisha watu zaidi. Étienne akapokea kibuyu. Na kabla hajakiinua, sale nzima, sauti moja, watoto na wazee, ikasema:

"Aonje kwanza."

Mama Apollinarie alikuwa amesimama, kidole kimenyoshwa. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu anayeokoa.

"Mna haki," alisema Thierry. "Samahani kaka, nimesahau heshima." Akachukua kibuyu. Akanawa mikono kwanza, bila kuambiwa, kwenye ile ndoo. Akavuta mrija. Hakupiga funda moja. Alikunywa kama mtu asiye na cha kuogopa, akafuta mdomo, akawacheka watu kwa upole.

Hapo watu wakaanza kutazamana. "Mbona amekunywa?" aliuliza mtoto.

Thierry akagusa tumbo. Akasema, "Kaka." Akaanguka, bila kuzunguka jukwaa, bila maneno mawili matatu. Alianguka kama gunia la mihogo. Pazia likafunguka, na Louise alikuwa pale na bangili ya shaba mkononi. Akamwona aliyeanguka ni nani. Hakuimba ule wimbo.

Katika sale hakuna aliyekohoa. Mama Apollinarie alikuwa bado amenyosha kidole. Alikitazama kama si chake. Kisha akakishusha, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akatoa kilio. Kilikuwa kile chenyewe, kile anachofungulia matanga, kinachosikika mpaka ziwani. Na nyuma yake wakamfuata wote. Benchi kwa benchi, kama kile kicheko cha zamani, ila safari hii ni kilio. Wanaume walilia na kofia usoni. Msichana wa kitenge alikuwa amekaa chini. Mama yake Étienne alilia na kumlaumu Étienne, ambaye amebaki mzima.

Pembeni, penye pazia lililokusanyika, Achille alikuwa anaruka juu chini, ngumi mdomoni, asisikike.

Mama Apollinarie alipanda jukwaani akashika miguu ya Thierry. "Nisamehe, mwanangu. Ni minye nilisema. Ni mudomo yangu." Thierry hakuamka. Alimtikisa, hakuamka. Mzee Gakunzi akaja mbio na fimbo na kibuyu cha maziwa, kwa sababu kila mtu anajua maziwa yanavunja sumu, akamfungua Thierry mdomo akammiminia. Thierry alikuwa ameambiwa asiamke, na hakuambiwa kitu juu ya maziwa. Hakumeza. Yalijaa, yakatoka pande zote mbili, mengine yakapanda puani, naye akalala vile vile.

"Hata maziwa yamekataa," alisema mzee Gakunzi, na yeye pia akakaa chini akalia.

Étienne aliona nafasi yake. "Kama ndugu yangu amekufa," alitangaza kwa sauti ya kwaya, "na mimi naenda naye," akainua kibuyu cha kasiksi. Mikono kama ishirini ilimrukia. Kibuyu kilipasuka, mrija ulivunjika, Étienne akashikwa, akaketishwa, akafungwa mikono na kitenge asijidhuru. Kwa mara ya tatu alikatazwa kufa.

Achille aliona sasa inatosha. Alitoka mbele, akapandisha mikono. "Ndugu zangu, mchezo umeisha."

Hakuna aliyecheka. Hata mmoja. Alisimama pale akaonja jambo lile, macho mekundu ya Mulongwe nzima yanamtazama kwa uzito, na likawa tamu kweli, kwa muda wa pumzi moja.

"Achille," alisema Mama Apollinarie kutoka chini, "hii si saa ya mizaha. Heshimu maiti."

"Lakini Mama, ni mchezo. Thierry, amka."

Na Thierry, aliyekuwa akingoja neno hilo huku maziwa yanamwasha pua, alipiga chafya, akaketi wima, povu jeupe linamtoka.

Sale ile ina mlango mmoja. Watu wote walichagua huo, kwa wakati mmoja, na mzee Gakunzi, pamoja na umri wake na fimbo yake, alitoka kati ya wa kwanza. Mama Apollinarie hakukimbia. Alibaki kumpiga Thierry makofi mawili, moja la furaha na moja la hasira, kisha akatazama mlango ulivyokuwa, akatoka kupitia dirishani.

Hivi ndivyo ilivyogharimu. Mlango wa sale ulivunjika pamoja na fremu yake, Achille akachomelea mwingine kwa chuma chake mwenyewe. Mabenchi yalivunjika saba. Kiti cha Mama Apollinarie hakikupatikana hata mguu. Mzee Gakunzi alirudi Rurambo bila maziwa, bila kofia, na tangu siku ile akiteremka anakaa nje. Padri alifunga sale mpaka Pasaka ipite. Thierry anabeba mizigo tu, kwa kuwa watu hawapandi na mtu aliyewahi kufa. Étienne alihamia kundi lingine, huko Kavimvira, ambako wamemwahidi kifo. Achille akipita sokoni hakuna anayecheka. Akina mama wanawasogeza watoto kando. Kasiksi ya Louise, bidoni nne, iligeuka siki bila mnunuzi, ikamwagwa kwenye mtaro. Bidoni ya tano Louise aliipima kwa ajili ya mume wake, na mume wake akangoja kwanza aone kama Louise ataonja. Kwa hiyo ongeza kwenye gharama mwezi mmoja ambao Louise hakumpikia na Achille alijipikia mwenyewe, na sufuria moja iliyoungua.